Mlinzi Mkenya na Sheria za Qatar



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Uarabuni. Nitajifunga kwa nchi moja, Qatar, kwa kuwa ni huko ambako Mkenya mwenzetu alikamatwa kwa sababu ya maandishi yake.

Tuwe waadilifu kwanza. Qatar imerekebisha sheria nyingi. Chini ya utaratibu uitwao kafala, kibarua mgeni alikuwa hawezi kuondoka nchini bila idhini ya mwajiri. Sharti hilo liliondolewa kwa wafanyakazi walio wengi mwaka 2018, na kwa watumishi wa nyumbani mwaka 2020. Mwaka huo huo wa 2020 mfanyakazi akaruhusiwa kubadili mwajiri bila barua ya yule wa kwanza. Machi 2021 kima cha chini cha mshahara kikawa riyali 1,000 kwa mwezi. Aidha, mwajiri anayeshika pasipoti ya mfanyakazi anavunja sheria ya mwaka 2015, na faini yake haizidi riyali 25,000. Ikumbukeni tarakimu hiyo.

Malcolm Bidali alikuwa mlinzi huko. Kwa jina la bandia, Noah, aliandika juu ya malazi ya vibarua na maisha yao ya kila siku. Mei 2021 alikamatwa, akazuiliwa peke yake karibu mwezi mzima na kuhojiwa bila wakili. Akashtakiwa kueneza habari za uongo kwa nia ya kuhatarisha mfumo wa dola. Julai akatozwa faini. Kiasi gani? Riyali 25,000.

Ndugu zangu, pimeni wenyewe. Kiwango cha juu kabisa awezacho kutozwa tajiri kwa kumnyang'anya mtu pasipoti ndicho alichotozwa kibarua kwa kuandika namna vibarua wanavyolala. Kwa mtu wa kima cha chini hiyo ni mishahara ya miezi 25, asinunue hata sabuni.

Wenye umri kati yenu hamhitaji kufafanuliwa shtaka la namna hiyo. Hapa kwetu makosa ya uchochezi yalikaa katika vitabu vya sheria hadi 1997, na watu walifungwa kwa kupatikana na karatasi tu. Lakini mfungwa wa hapa alikuwa na mama wa kumpelekea chakula, na mchungaji wa kumtaja mimbarini. Mgeni hana. Wala hana chama cha wafanyakazi, maana sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 iliwapa uanachama raia peke yao. Hapo ndipo marekebisho yote niliyoyataja yanapokwama: haki imeandikwa, lakini anayeidai yu peke yake, na kutamka hadharani kwamba amenyimwa kunaweza kuitwa uongo.

Bidali alipokamatwa, mashirika ya haki za binadamu yalilitangaza jina lake halisi mchana kweupe. Agosti mwaka huo akaondoka Qatar. Je, binti wa kijijini kwenu anayefua nguo ndani ya ua la mtu, nani atalitangaza la kwake?

Kwa hiyo nayaomba makanisa yafungue daftari. Liandikwe jina la kila anayesafiri, nambari ya pasipoti, jina la mwajiri na la wakala aliyempeleka. Iwekwe nakala ya mkataba, tena ile ya Kiarabu, kwani mbele ya mahakama za Qatar maandishi ya Kiarabu ndiyo yanayoshinda tafsiri. Na kila msafiri afundishwe sentensi moja: "Nataka ubalozi wa Kenya ujulishwe." Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, ibara ya 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki hiyo, lakini sharti aitake mwenyewe. Ubalozi wetu uko Doha. Nambari yake ya simu na iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, na msafiri aishike kwa moyo, kwa kuwa simu ya mkononi ndiyo huchukuliwa kwanza.