Koili Isiyo na Waya

Leo tuzungumze juu ya koili. Si ile ya jiko la umeme, bali ile ya ndani ya redio: waya wa shaba uliozungushwa, pengine juu ya kipande cha chuma, pengine hewani tu. Mafundi wa redio wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Vijana wanaofungua vyombo vya siku hizi nao hulalamika kwamba wanaitafuta hawaioni. Wana haki kiasi. Kazi nyingi za koili sasa zinafanywa na kitu ambacho si koili hata kidogo, na ukubwa wa kitu hicho hugeuzwa kwa umeme, bila mtu kushika bisibisi.

Kwanza tukumbushane. Rezista huzuia umeme, basi. Kapasita ni pipa: hujaa polepole na kumwaga. Koili ni kama mkokoteni uliosheheni magunia. Ukianza kuusukuma haukubali upesi, na ukishakwenda haukubali kusimama. Ndivyo koili inavyoutendea mkondo wa umeme. Kapasita na koili zikiunganishwa, umeme huyumba baina yao kama bembea, kwa kasi yao maalumu. Kwa bembea hiyo redio za zamani zilichagua stesheni moja na kuziacha nyingine.

Kwa mawimbi ya redio koili ni ndogo na haisumbui. Taabu huanza tukishuka kwenye mawimbi ya polepole. Chukua mvumo wa umeme wa majumbani, ambao hapa kwetu ni mawimbi 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Ukitaka kuunasa kwa kapasita ya mikrofaradi 1, utahitaji koili ya henri 10. Hiyo ni maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba juu ya chuma kizito. Na ubaya zaidi, kwa kuwa imekaa kama sumaku, yenyewe huokota mvumo ule ule unaotaka kuuondoa.

Utauliza, nani anahangaika na mvumo wa hezi 50? Anahangaika daktari. Umeme wa moyo unaopimwa juu ya ngozi ya kifua ni kama milivolti 1 tu, na mwili wa mgonjwa, ukiwa umelala katikati ya nyaya za ukutani, hubeba mvumo mkubwa kuliko huo. Chujio linatakiwa liondoe hezi 50 na kuacha zilizo jirani, kwa sababu nazo ni habari za moyo. Marekani umeme wao ni hezi 60. Mashine yenye chujio lililofungwa kwenye 60 pekee, ikiletwa katika wodi zetu, chujio lake litakuwa linamvizia mwizi kwenye mlango asiopita.

Sasa tuje kwa Bernard Tellegen, mhandisi wa Uholanzi aliyefanya kazi kwa Philips mjini Eindhoven. Mwaka 1926 alikuwa amekwisha kubuni valvu ya pentodi, ambayo ilienea katika redio duniani kote. Mwaka 1948 alitangaza kwa hesabu kitu alichokiita jaireta. Alisema kwamba pamoja na rezista, kapasita, koili na transfoma, panafaa kuwapo kiungo cha tano, ambacho hugeuza volti ya upande mmoja kuwa mkondo wa upande wa pili, na mkondo kuwa volti. Ukifunga kapasita nyuma ya kiungo hicho, mbele itaonekana koili. Transista wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa, kwa hiyo wazo lilingoja vifaa.

Siri yake si ngumu. Chukua amplifaya mbili za aina inayopokea volti na kutoa mkondo. Ya kwanza inatazama volti ya mlangoni na kusukuma mkondo ndani ya kapasita. Kapasita, kwa tabia yake ya pipa, inajaa polepole. Amplifaya ya pili inatazama kiasi cha kujaa, na kwa kadiri hiyo hiyo inavuta mkondo kutoka mlangoni. Aliyesimama nje anaona nini? Ameweka volti, mkondo umeanza na sifuri, kisha umekua taratibu. Huo ni mkokoteni wetu wa magunia! Hana njia ya kujua kwamba ndani hakuna waya hata mzunguko mmoja.

Kiasi chake kinapatikana kwa kugawanya kapasita kwa nguvu za amplifaya hizo mbili zikizidishwa. Kapasita ya mikrofaradi 0.1, na amplifaya ambazo kwa volti 1 zingetoa miliampea 0.1, huzaa henri 10 kamili. Ile koili nzito imekaa juu ya ukucha wa kidole gumba.

Mwaka 1969 kampuni ya RCA ilitoa chipu CA3080, ambayo nguvu yake hutawaliwa na mkondo mdogo unaoingizwa kwenye mguu mmoja. Chipu hiyo imekwisha acha kutengenezwa, lakini ndugu yake LM13700, yenye amplifaya mbili ndani ya miguu 16, ipo. Kwa henri 10 zetu, kila amplifaya inataka mkondo wa mikroampea 5 hivi. Ongeza mikondo yote miwili kwa asilimia 20, na chujio linahama kutoka hezi 50 kwenda 60. Zidisha mara mbili, koili inapungua kuwa robo na chujio linapanda hadi 100. Ni koili gani ya shaba itakayokutii namna hiyo?

Lakini ngoja kwanza tusishangilie. Transista husikia joto. Mkondo wa kutawala ukibaki ule ule na chumba kikipanda nyuzi 10, kama inavyotokea baina ya alfajiri na saa nane mchana Dar es Salaam, nguvu ya amplifaya inashuka kwa zaidi ya asilimia 3. Chujio la 50 linajikuta kwenye 48.4. Mvumo unapita huku likiondoa kitu kisicho na hatia. Dawa yake ni kuufanya mkondo wa kutawala upande pamoja na joto, au kuweka chujio pacha linalopimwa muda wote kwa saa ya kwatsi, na kusahihisha yote mawili kwa pamoja. Mimi nasema aliyeuza saketi ya namna hii bila mojawapo ya dawa hizo ameuza nusu ya kazi.

Pia chipu hizi hazipendi volti kubwa. Ukizidisha milivolti kumi au ishirini mlangoni zinaanza kupotosha, kwa hiyo lazima ishara ipunguzwe kwanza, na ukiipunguza sana inazama katika mchakato wa chipu yenyewe. Halafu koili ya kuiga haina sumaku ya kuhifadhi nguvu. Kata ghafla umeme wa koili ya pikipiki, plagi inatoa cheche. Kata ule wa henri 10 zetu za kuiga, hupati chochote, kwa kuwa haiwezi kutoa volti inayozidi ile ya betri yake. Kwa hiyo waya wa shaba bado una kazi ndani ya chaja na ndani ya injini.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi chujio huandikwa kama programu, na kompyuta humaliza yote. Ni kweli kwa mashine nyingi mpya. Lakini kabla ya ishara ya moyo kugeuzwa namba, lazima ipite kwenye amplifaya, na mvumo ukiwa mkubwa kiasi cha kuijaza amplifaya hiyo, programu itapokea takataka. Kwa sababu hiyo ningependa vyuo vyetu vya ufundi vimpe kila mwanafunzi chipu moja ya miguu 16, kapasita mbili, rezista chache na betri, ajenge koili isiyo na waya na kuihamisha kutoka 50 hadi 60 kwa kidole chake. Aipime kwa jenereta ya mawimbi mezani, wala asithubutu kuifunga kwenye kifua cha mtu, maana vyombo vya mgonjwa vina kanuni zake za usalama.