Supamaketi Ikija Mtaani, Sisi Tunasema Nini?

Mazungumzo na familia zilizokutana Yeoville

Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulisikia likiwa limekwisha amuliwa: duka kubwa linapotaka kufunguliwa karibu na tunapoishi.

Hata humu ukumbini hatuna maoni ya aina moja. Mama mwenye watoto wengi anataka unga, mchele na mafuta kwa bei iliyobandikwa, isiyopanda muuzaji akisikia lafudhi yake. Kijana anatafuta kazi. Hao wana haki. Lakini yuko pia mama anayeuza sombe, au kisamvu kama wengine tunavyoita, pamoja na ndagala na ndizi za kupika, pale soko la Yeoville au kando ya mtaa wa Rockey. Anauza kwa fungu, na mteja akipungukiwa anamwambia, "Utaleta mwisho wa mwezi." Kwenye kaunta ya supamaketi neno hilo halipo. Mama huyu naye ana haki, na watoto wake wanasoma kwa fungu hilo hilo.

Tukumbuke pia kwamba duka kubwa si mlima, huondoka. Waliotoka Tanzania wanajua kuwa Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Nakumatt nayo ikaelemewa na madeni, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai wakapiga kura ifungwe. Wauzaji wadogo wakishatoweka, kisha mkubwa naye akaondoka, mtaa hubaki bila duka.

Sasa, sheria inasemaje hapa Johannesburg? Mwenye kiwanja akitaka kubadilisha matumizi yake, kwa mfano nyumba za kuishi ziwe duka, lazima aombe jiji. Kwa sheria ndogo ya mipango ya jiji ya mwaka 2016, tangazo hubandikwa kwenye kiwanja chenyewe na kutolewa gazetini. Kuanzia siku tangazo linapotoka, wakazi wana siku 28 za kuandika maoni. Siku hizo zikipita, mlango umefungwa. Kwa hiyo ukiona karatasi au bango kwenye ukuta wa jengo, usipite. Lipige picha kwa simu, ulilete kwetu tulisome pamoja.

Nisiwafiche jambo moja. Kiwanja kikiwa tayari kimepangwa kwa biashara, duka linaweza kufunguliwa bila maombi hayo. Hapo njia iliyobaki ni kumwona diwani wa kata na kuongea na wenye duka mapema.

Barua yenyewe haihitaji maneno makubwa. Andika jina lako, anwani yako, namba ya kiwanja iliyo kwenye tangazo, na jinsi jambo hilo linavyokugusa. Ukisema tu, "Litaniharibia biashara," mara nyingi haitatosha, kwa sababu wapangaji wa miji huangalia zaidi matumizi ya ardhi kuliko ushindani. Sema malori ya kushusha mizigo yatapita wapi, watoto watavukaje barabara wakienda shule, magari yataegeshwa wapi, takataka zitawekwa wapi. Wala si lazima ukatae. Unaweza kuandika kwamba unakubali, ila kwa masharti: malori yasije alfajiri, na wauzaji wadogo watengewe nafasi.

Sharti hilo la mwisho si kuomba sadaka. Tume ya Ushindani ya nchi hii ilichunguza biashara ya vyakula, na katika ripoti yake ya Novemba 2019 ilikuta kwamba mikataba ya supamaketi kubwa na wenye majengo huwazuia wenye maduka madogo kupanga humo. Ikasema mikataba ya namna hiyo ikomeshwe.

Najua swali lililo mioyoni mwa wengi: "Mimi mkimbizi, nani atanisikiliza?" Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 2000 inapotaja jamii ya mahali inazungumzia wakazi, na mkazi ni yule anayeishi hapo. Tena inasema jiji likiita maoni ya wananchi, asiyejua kuandika aweze kwenda ofisini saa za kazi, na mtumishi amwandikie. Mahakama nazo zimekwisha sema. Mwishoni mwa 2013 jiji la Johannesburg liliwaondoa wachuuzi wa katikati ya mji. Wakaenda Mahakama ya Katiba, na tarehe 5 Desemba mwaka huo ikaamuru warudi kwenye biashara zao. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Rufaa, katika kesi ya chama cha Wasomali na serikali ya Limpopo, ilikataa hoja kwamba mkimbizi hawezi kupewa leseni ya biashara. Walioshinda kesi hizo ni watu wa meza na mabanda, kama sisi.

Hofu ipo, na siwezi kuwaambia isiwepo; tunajua maneno ambayo wageni hutupiwa. Ndiyo maana ni afadhali barua iende na majina mengi, ya wenyeji na yetu pamoja. Muuza nyanya wa Afrika Kusini aliye meza ya pili ana shida ile ile uliyo nayo wewe. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Kabla hatujaondoka, kila jengo lichague mtu mmoja wa kuangalia matangazo mtaani kwake, na atuachie namba yake ya simu. Mwenye swali aulize sasa, chai ipo.