Kumaliza Uzamivu: Stadi Ambazo Somo la Mbinu za Utafiti Halifundishi



Semina zetu za uzamivu hukazania sampuli, dodoso na programu za uchambuzi. Ni sawa. Lakini wengi wanaoishia njiani hawakushindwa na sampuli. Mwaka 2001 Barbara Lovitts wa Marekani alichapisha kitabu kuhusu walioacha masomo haya, akaonyesha kwamba uwezo wao darasani haukuwa chini ya ule wa waliomaliza. Kilichowaangusha ni yaliyowakuta baada ya kusajiliwa, upweke ukiwa mmojawapo. Utafiti wa mwaka 2017 wa watahiniwa 3,659 huko Flanders, Ubelgiji, ulikuta takriban theluthi moja wamo hatarini kupata maradhi ya akili, hasa sonona. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na hali hiyo ni mvutano wa kazi na familia, na namna msimamizi anavyomwongoza mwanafunzi.

Kwetu hayo mawili huja pamoja. Mtahiniwa ni mhadhiri msaidizi mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha, na nyumbani anasubiriwa kwenye kikao cha harusi. Msimamizi wake ndiye aliyemfundisha shahada ya kwanza, pengine ndiye mkuu wa idara. Ameahidi sura ya tatu mwezi wa pili. Mwezi wa nne haijakamilika. Akiona gari la profesa limeegeshwa nje, anapitia mlango wa nyuma. Tunaiita heshima, lakini kwa kweli ni aibu, na kadiri siku zinavyopita ndivyo anavyoona ni lazima apeleke kazi nzuri zaidi ili kufidia ukimya. Hapo ndipo tasnifu nyingi hufia.

Kwa hiyo stadi ya kwanza ni kupeleka kazi ambayo haijaiva. Ujumbe wenyewe uwe mfupi: "Shikamoo Profesa. Sura ya tatu bado. Nimeambatisha kurasa nane. Nimekwama namna ya kupanga mahojiano kimaudhui. Naomba nusu saa Alhamisi." Usieleze misiba yote. Taja ulipokwama, omba kitu kimoja, pendekeza siku. Mkishaonana, mwandikie mliyokubaliana jioni hiyohiyo. Itakulinda siku akisahau, maana maprofesa nao husahau. Rasimu ikirudi imejaa wino mwekundu, isome, uilaze mpaka kesho, ndipo ujibu.

Stadi ya pili ni ya nyumbani: kusema "nasoma" hakutoshi. Mwenzi wako ajue ni saa zipi hupatikani na lini utapatikana. Ukoo nao uambiwe mapema: mchango utautuma, vikao hutahudhuria. Watanung'unika, kisha watazoea.

Upweke nao hauondolewi na nasaha. CARTA, muungano wa vyuo vikuu na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanzishwa 2008 na kuongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huwapitisha watahiniwa kwa makundi katika semina nne za pamoja, tangu kupanga utafiti hadi maisha baada ya shahada. Idara isiyo na fedha za wafadhili inaweza angalau kuwapa watahiniwa chumba kimoja asubuhi moja kila wiki, waandike pamoja.

Nawaomba wakuu wa idara mlioko hapa muiweke asubuhi hiyo kwenye ratiba ya muhula ujao, na wasimamizi mpokee kurasa nane bila kuuliza ziko wapi nyingine thelathini.