Tairi Kubwa kwa Gari la Mradi: Tuhesabu Kwanza

(Hotuba iliyotolewa na fundi wa magari katika semina ya madereva na wanakamati wa miradi. Tumeiandika karibu vile alivyoizungumza.)



Nimeombwa nizungumze juu ya tairi. Najua wengine wenu mnasema moyoni, "Tairi ni tairi, kuna nini cha kuzungumza?" Ngojeni kidogo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili asije mtu akasema fundi anajifanya mjuaji.

Miaka kadhaa iliyopita, mradi mmoja wa maji ulikuwa na Prado, zile za namba 90 zilizoanza kutengenezwa 1996. Gari lilikuwa halijabadilishwa kitu. Springi zilikuwa za kiwandani, na tairi zilikuwa 265/70R16 kama lilivyotoka. Dereva alilalamika kwamba akienda visimani difu ya nyuma inagonga mawe. Mimi nikaiambia kamati, "Fungeni 285/75R16, mambo yataisha." Rimu ni ile ile ya 16, basi tairi zikaingia. Gari likasimama juu, watu wakalisifu, nami nikafurahi.

Baada ya miezi miwili yule dereva akasimamishwa kazi. Kwa nini? Mweka hazina alifungua kitabu cha safari. Safari ya visimani na kurudi siku zote iliandikwa kilomita 300 kwa lita 30 za dizeli. Sasa ikaandikwa kilomita 280 kwa lita 33. Zamani lita moja ilikwenda kilomita 10, sasa nane na nusu tu. Kamati ikasema, "Huyu kijana anauza mafuta." Kijana akaapa, akalia, hakuna aliyemsikiliza. Kitabu kilikuwa mbele yao.

Nilipopata habari nikashtuka, kwa sababu nilijua ni nini. Tukachukua gari jingine la aina ile ile lenye tairi za kiwandani, tukafuatana barabara moja. Lile likaandika 300, letu likaandika 280. Barabara ni moja! Mita yetu ndiyo iliyodanganya. Kijana akarudishwa kazini, lakini alikuwa amekaa nyumbani wiki tatu bila mshahara, na jina lake limeshazungushwa sokoni. Mimi ndiye niliyemponza. Uongo sikusema, ila nilinyamazia jambo ambalo fundi anapaswa kulisema kabla pesa hazijatoka.

HESABU YA TAIRI

Sasa hebu tusome ile namba ubavuni mwa tairi. Kwenye 265/70R16, hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 maana yake urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana. 16 ni inchi za rimu. Ukipiga hesabu, tairi hiyo ina kimo cha milimita 777 kutoka chini hadi juu. Ile 285/75R16 ina milimita 834. Tofauti ni 57, kama asilimia 7.

Mita ya gari haijui barabara. Inahesabu mizunguko tu. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini mita inaandika kama zamani. Mita ikikuambia 80, wewe unakwenda karibu 86. Unapita mjini kwenye 50 ukidhani umetii sheria, kumbe ni 53 na zaidi. Tena ukibadilisha oili kila kilomita 5,000 za mita, injini imeshatembea zaidi ya 5,300.

Na zile lita 3 zilizozidi? Hizo zilikuwa za kweli. Tairi kubwa ni zito, ni pana, linahitaji nguvu zaidi kuzungushwa. Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili pamoja: mafuta yalizidi kidogo, na kilomita ziliandikwa pungufu. Kwenye karatasi yakaonekana kama wizi.

UNAPATA NINI, UNATOA NINI

Sisemi tairi kubwa ni baya. Difu ya nyuma ya gari kama hilo haiinuliwi na springi. Ukiweka springi ndefu unainua bodi, difu inabaki pale pale. Ni tairi peke yake linaloinua difu. Lakini angalieni: kimo kimeongezeka milimita 57, nafasi chini ya difu imeongezeka nusu yake, yaani 28. Hiyo ni kama upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Nusu nyingine imekwenda juu, kwenye madigadi, mahali ambapo hukuihitaji.

Na huko juu ndiko shida inapoanza. Gari likiwa tupu limesimama gerejini, tairi linaonekana limekaa sawa. Pakia watu saba na mitungi ya maji, kata usukani mpaka mwisho, shuka kwenye laga, springi zikijikunja tairi linakwaruza plastiki ya ndani na ile mpira ya kuzuia matope. Likikwaruza kila siku, ubavu unaliwa. Siku moja linapasuka, na mnajua mahali litakapopasukia: mbali na watu.

La pili ni breki. Breki ni zile zile za kiwandani, lakini sasa zinashika gurudumu refu zaidi na zito zaidi. Kusimama pale pale ulipokuwa ukisimama, zinahitaji nguvu ya asilimia 7 zaidi, bila kuhesabu uzito wa tairi lenyewe. Kwenye tambarare huwezi kujua. Kwenye mteremko mrefu, ukiwa umebeba mama mjamzito unayempeleka hospitali, utajua.

La tatu ni gia. Gari linakuwa zito kuondoka, kana kwamba umeanza na gia ya juu. Mlimani dereva anarudi gia mapema, klachi inaumia. Na beringi, boljointi na tairodi zote zinabeba kazi ambayo hazikuandaliwa.

KABLA YA KUNUNUA, PUNGUZA UPEPO

Madereva wengi wanataka tairi kubwa kwa sababu wanakwama mchangani. Jameni, jaribuni kwanza dawa isiyo na bei. Mchangani punguza upepo kutoka pauni 32 hadi 20 au 18. Tairi linalala, alama yake chini inakuwa ndefu, gari linapita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Uende polepole, usikate kona kwa nguvu. Ukifika barabara ngumu, simama ujaze upepo tena kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi lenye upepo kidogo likikimbizwa linapata moto na kupasuka. Kwa hiyo kila gari la mradi liwe na kipimo cha upepo na pampu. Bei yake haifiki hata ya tairi moja.

Kwenye udongo mweusi unaonata upana haukusaidii. Tairi pana linaelea juu ya matope na kujaa udongo mpaka linakuwa kama mpira laini. Pale tairi jembamba lenye meno marefu linachimba mpaka liguse ardhi ngumu. Na tukumbuke barabara zenyewe zimebadilika. Isiolo hadi Moyale, njia iliyokuwa ikivunja magari yetu kwa mawe, sasa ni lami. Kama gari lako siku nne kati ya tano liko lamini, unalifungia tairi la siku moja.

KAMA NI LAZIMA

Kuna mahali ambapo ni lazima, najua. Mawe ya Marsabit hayana huruma. Basi fuateni haya.

Kwanza, pandeni ngazi moja tu. Kwa Prado ile, 265/75R16 ina kimo cha milimita 804. Mita inapotoka kama asilimia 3 na nusu, si 7, na kwa kawaida tairi huingia bila kukata kitu. Lakini kila gari lina ukubwa wake. Someni kibandiko cha mlangoni au kitabu cha gari.

Pili, jaribuni tairi moja kabla ya kulipia zote. Mwombe mwenye duka alifunge mbele. Pakia gari mzigo wa kweli, kata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mbele na nyuma, huku gurudumu moja limepanda juu ya jiwe. Ingiza mkono, uone nafasi iliyobaki. Likigusa, lirudi dukani.

Tatu, nunueni tano, si nne. Prado hiyo huzungusha magurudumu yote manne wakati wote, na ina difu ya katikati. Ukipata pancha ukafunga spea ya kimo cha zamani, hiyo difu inafanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Na spea ya ukubwa mpya ipimwe kama inakaa mahali pake mlangoni, maana bawaba za mlango nazo zinabeba uzito.

Nne, msitazame ukubwa peke yake. Baada ya ukubwa kuna namba ya mzigo. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. 116 ni kilo 1,250. Msishuke chini ya ile ya kiwandani. Kisha tafuteni zile tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mitumba linaweza kuwa na meno mazuri na mpira umeshakauka. Meno hayasemi umri.

Tano, mjulisheni mwenye bima kwa maandishi. Ni afadhali akatae leo kuliko akatae siku ya ajali.

KWA WANAKAMATI

Nikimaliza, nina ombi moja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ni kweli, lakini daftari lenye hesabu mbovu nalo linaweza kummaliza mtu asiye na kosa. Siku mnayobadilisha ukubwa wa tairi, andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha safari: tarehe, ukubwa wa zamani, ukubwa mpya. Chukueni barabara mnayoijua, pimeni kwa simu yenye ramani au kwa gari jingine, mwandike tofauti. Kama mita inasema 100 na ukweli ni 107, mweka hazina aongeze hiyo 7 kwa kila 100 kabla ya kugawa kwa lita. Mwenyekiti atie sahihi, dereva atie sahihi.

Kazi hiyo ni ya nusu saa. Yule kijana bado ni dereva mpaka leo, na tunasalimiana vizuri. Lakini kila akija gerejini kwangu huja na kitabu chake mkononi, akakifungua mwenyewe kabla sijamwuliza. Mimi ndiye niliyemfundisha woga huo. Sitaki dereva wenu yeyote aupate kwa sababu ya tairi.

Sasa leteni maswali.