KUMHIFADHI MTOTO MCHANGA KATIKA NYUMBA YA BARIDI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kabla ya kuingia kipupwe)



Hatutasema mengi, maana twajua kuwa habari za mishahara zingali zangoja. Lakini tumeona si vema kipupwe kiingie pasipo mtu wa kukumbusha habari za watoto wachanga.

Ninyi nyote mwaijua kazi yetu. Karani hachagui mji. Barua ya uhamisho ikifika, hufunga mizigo. Mwezi huu yuko Tanga, ambako mtoto hulala bila blanketi. Mwezi ujao yuko Njombe, mahali palipoinuka zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari. Afikapo huko mwezi wa Juni, katika nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji, naye ana mtoto wa majuma mawili, atafanya nini? Twahofu atafanya kama tulivyofanya sisi: ataingiza jiko la makaa chumbani, na madirisha atayafunga.

Usiku ule tulilala tukijisifu kwa akili yetu. Karibu na alfajiri mama mtoto aliamka kichwa kikimwuma mno. Alipotaka kusimama, miguu ikamlegea. Mtoto alikuwa kimya, wala hakutaka ziwa. Tulifungua mlango, tukatoka nao nje gizani, na baada ya kitambo mtoto akalia. Tukampeleka hospitali, naye akapona kwa rehema za Mungu. Lakini makaa yale yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo!

Hapo ndipo penye hatari. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, nayo haina rangi wala harufu. Huishika damu mahali pa hewa njema, na aliyelala hufa pasipo kuamka. Kwa hiyo twawasihi: jiko lisiingie katika chumba cha kulala, hata kwa saa moja, hata kama moshi umekwisha.

Basi mtoto apate wapi joto? Jirani yetu, bibi mzee mwenyeji wa huko, alituonyesha. Alimvua mtoto nguo akamwachia winda na kofia, akamlaza kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kisha akawafunika wote wawili kwa blanketi. Baadaye tulijifunza kwamba njia hiyo ndiyo wanayoisifu madaktari. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, Daktari Edgar Rey aliianzisha kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa kuwa mashine za kuwatia joto hazikutosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa namna hiyo, na wale waliozaliwa na uzito mdogo, wakae kifuani hivyo saa 8 mpaka 24 kila siku.

Na hapa tuna neno na akina baba. Kifua cha baba kina joto sawasawa na cha mama. Wako miongoni mwetu wanaoona haya karani kukaa nyumbani mtoto kifuani. Haya ya nini? Mama aliyekesha siku tatu hana budi kulala, na mtu anayestahili kumpokea ni yule aliyemleta katika baridi ile. Ila anayembeba awe macho. Asisinzie naye kitini.

Mengine ni madogo, lakini yafaa. Mtoto aliyezaliwa leo afutwe mara moja akauke, wala asioshwe mpaka saa 24 zipite. Baadaye aogeshwe mchana jua likiwaka, kwa maji ya uvuguvugu, akaushwe upesi, kichwa kwanza. Winda likilowa libadilishwe papo hapo, maana umajimaji huondoa joto. Kitanda chake kisigusane na ukuta wa nje wala kisiwe chini ya dirisha. Nyufa za mlango zizibwe, lakini tundu la juu la kupitisha hewa liachwe wazi. Chupa ya maji ya moto yaweza kutangulia kitandani, lakini itolewe kabla mtoto hajalazwa, isije ikamchoma.

Nguo zake zizidi zetu kwa moja tu. Kumzidishia joto nako kuna hatari, hasa blanketi likimfunika uso. Msimpime kwa mikono yake, ambayo mara nyingi huwa baridi. Mguseni kifuani au shingoni nyuma. Akitoka jasho, mpunguzieni. Kwa kipimajoto, mwili wake uwe kati ya digrii 36.5 na 37.5 za Sentigredi. Tumbo likiwa baridi, akanyonya kwa unyonge, akalia kwa sauti hafifu au akalegea, msingoje kuche: mwekeni kifuani, mfunikeni, mwende naye hospitali katika hali hiyo hiyo.

Mwisho, twaomba jambo moja la chama. Mwanachama ahamiapo nyanda za juu, wenzake waliomtangulia huko wamwendee siku ile ile ya kwanza, wamwonye juu ya jiko. Sisi hatukuonywa na mtu, na ilibaki kidogo tuandike barua ya msiba kwa wazee wetu pwani.