Kabla ya Kung'oa Nanga

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wenzenu, wakaomba yaandikwe. Basi yasome kama unanisikia.

Ukiambiwa habari za bahari, utatarajia mawimbi na papa. Mimi nitazungumzia siku ya mwisho tu, chombo kingali kimefungwa gatini. Hapo ndipo safari nyingi husalimika au huharibika.

Hebu jiweke mahali pa nahodha. Uko Bandari ya Kale, Mombasa, mwezi wa Januari, kaskazi imekaza. Unakwenda Ngazija na jahazi la tanga, watu 8 chomboni. Ni kama maili 500 za baharini. Ukipata mwendo wa maili 5 kwa saa, hizo ni saa 100, yaani siku 4 na kidogo. Lakini upepo haukuandikiana mkataba na mtu.

Kwanza ni maji. Mpigie kila mtu lita 5 kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu 8 ni lita 40, na siku 5 ni lita 200. Wewe chukua 400, maana upepo ukifa utakaa pale pale. Tena usiyatie yote katika chombo kimoja.

Nilipokuwa kijana niliachiwa kazi ya kujaza mapipa mawili. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuaga nyumbani. Pipa moja liliwahi kutiwa mafuta ya taa. Nikalisuuza mara moja, nikalijaza, nikaenda zangu. Siku ya pili baharini mpishi akatengeneza chai, sote tukaitema. Likabaki pipa moja. Nahodha akaamuru vikombe vinne kwa mtu kwa siku, mpaka tufike. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa mkononi kile kikombe cha kupimia, nikawa mimi ndiye ninayewagawia wazee wangu maji niliyowapunguzia mwenyewe. Wallahi, ningependelea kupigwa! Kwa hiyo, ndugu yangu, onja kila pipa kwa ulimi wako kabla ya kuondoka.

Pili ni chombo chenyewe. Kalafati na deheni ni kazi za siku za nyuma, si za leo. Mbao zilizokauka juani huvuja mwanzo, kisha hunywa maji, zikavimba na kubana. Kwa hiyo chombo kishushwe majini mapema. Usiku wa mwisho, shehena ikiwa ndani, pima maji yaliyomo ngamani, chini kabisa. Alfajiri pima tena. Yakizidi sana, usijidanganye kwamba mtafua maji njiani. Kisha shika henza, ile kamba ya kupandishia foromali, uipitishe mkononi kutoka mwanzo hadi mwisho. Palipolika utapasikia. Usisahau sindano, uzi na kitambaa cha kutilia tanga kiraka.

Tatu ni shehena. Vizito vikae chini, vifungwe visiteleze. Na mzigo uwe na mwisho! Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Wengi walikuwa wakirudi makwao baada ya Idd. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi ilichoruhusiwa, na waliokufa walikuwa zaidi ya 200. Ile ilikuwa meli ya injini, lakini bahari haibagui. Yule abiria mmoja wa mwisho, na lile gunia moja la mwisho, ndiyo ya kukataa.

Nne, wacha habari nchi kavu. Andika majina ya watu wote, njia mtakayopita, na siku ya kuanza kuwatafuta msipoonekana. Mpe mtu asiyesahau. Jaribu redio ungali gatini, chaneli 16 ya dharura, usikie kwamba unajibiwa. Simu ya mkononi haitakufaa. Ukishaipoteza pwani, mtandao nao umekwenda. Mombasa pana kituo cha kuratibu uokoaji baharini tangu 2006, lakini watakutafuta wapi kama hakuna anayejua ulikoelekea?

La tano ndilo gumu, nalo ni kusema "bado". Mwenye mali anahimiza, mikate imeshaokwa, jamaa wamekuja gatini kuaga, na wewe umeona kamba iliyolika. Utaona haya, si ndio? Ona haya hapo hapo. Manung'uniko ya siku moja yanapoa. Kuna wanaosema chombo cha kuzama hakina usukani. Sawa, ajali ipo. Lakini methali hiyo isiwe kisingizio cha mtu aliyekuwa na usukani mkononi na hakuukagua.

Baada ya hayo yote, ndipo lipa madeni yako, omba radhi kwa wazazi, someni Fatiha. Tawakali ni ya aliyekwisha kufunga kamba zake, si ya aliyeona uvivu kuzikagua.

Mimi mpaka leo, nikitaka kusafiri hata kwa basi, huonja maji yangu kwanza. Watoto hunicheka. Nami huwaacha wacheke.

Wabillahi tawfiq.