Kichwa Kikiuma na Shingo Ikikaza
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Laini Saba, Kibera)



Leo tuzungumze juu ya kipandauso. Kichwa kinagonga, mara nyingi upande mmoja, tumbo linachafuka, mwanga unachoma macho, na shingo inakaza. Tunasema, "Ni mtungi umeniharibu shingo." Kweli, maji ya lita 20 ni kilo 20, si mchezo. Lakini mara nyingi shingo huuma kwa sababu kipandauso chenyewe kimeanza. Mishipa ya fahamu ya shingo na ya uso hukutana kwenye shina la ubongo, hivyo maumivu ya huku husikika kule.

Tutajuaje? Kwa mwezi mmoja tuweke alama kwenye kalenda: siku ya kichwa, siku ya shingo, kazi tuliyofanya, dawa tuliyomeza. Shingo ikianza na kupona pamoja na kichwa, huenda ni kipandauso. Ikiuma hata siku za nafuu, hasa tukigeuka, basi shingo nayo ipimwe. Mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Tufanye hivi:

1. Kichwa kikiuma, tupumzike penye giza na utulivu. Tusilazimishe mazoezi.
2. Siku za nafuu, tugeuze shingo polepole kulia na kushoto, na tukunje na kushusha mabega.
3. Tugawe maji katika mitungi midogo. Beseni la kufulia tuliinue juu ya kitu, tusiiname mchana kutwa.
4. Tusikubali mtu kuvunjavunja shingo yetu. Anaweza kuumiza mshipa wa damu.
5. Tusimeze dawa za kioski kila mara. Zikifika siku 10 hadi 15 kwa mwezi, kutegemea aina, zenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Lakini shingo ikikauka pamoja na homa, mkono ukifa ganzi au kukosa nguvu, maumivu yakija ghafla kuliko yote ya awali, au baada ya kuanguka, tusingoje kesho. Twende hospitali mara moja.

Mwenzetu akikosa kibarua cha kufua kwa sababu ya kichwa, tusimwite mvivu. Ni ugonjwa, na una matibabu.

Tujadiliane: Katika kikundi chetu, nani atamtekea maji siku hiyo?